Jimbo lililomtosa waziri mkuu usiku wa ushindi wake

Usiku wa Mei 14, 2013, jijini Vancouver, Kanada, Christy Clark, waziri mkuu wa British Columbia, alipanda jukwaani kusherehekea. Kura za maoni zilikuwa zimemzika wiki nzima kabla. Zilisema NDP, chama cha mrengo wa kushoto, inarudi madarakani, tena kwa kishindo. Badala yake Liberal, chama chake, kilizoa viti 49 kati ya 85 vya bunge la British Columbia.

Wafuasi wakashangilia. Wachambuzi wakaanza kufuta makala zao.

Huku nyuma matokeo ya jimbo moja yalikuwa yanasomeka vingine. Vancouver-Point Grey: David Eby wa NDP mbele, mpinzani wake nyuma. Mpinzani wake ni Christy Clark.

Mkoa mzima umempa. Jimbo lake limemnyima.

Kisa hiki nilikijua juu juu. Kilinirudia Aprili 2025, Pierre Poilievre alipopoteza jimbo lake la Carleton katika uchaguzi wa Kanada nzima, kisha Agosti akatafutiwa kiti kingine Alberta. Watu wakasema ni ajabu. Ndipo nikaanza kupitia orodha ya wabunge wa Point Grey tangu 1933, jina kwa jina, na kwa wiki kadhaa haikuniacha. Nilichodhani ni ajali ya 2013 kinafanana mno na kilichotokea 1953. Na 1966.

Kabla sijaendelea, tukubaliane neno. Kiswahili chetu kinaita British Columbia "jimbo", na Point Grey nayo "jimbo". Humu British Columbia itakuwa mkoa, wenye bunge lake mjini Victoria na waziri mkuu wake. Jimbo ni lile la kupigia kura tu.

Kiongozi asiye na kiti

Mkenya aliyepiga kura kabla ya Katiba ya 2010 ataelewa haraka kwa nini jambo hili linakera. Zamani rais wa Kenya alilazimika pia kuwa mbunge wa jimbo: Kenyatta Gatundu, Moi Baringo ya Kati, Kibaki Othaya. Ukishinda nchi ukaangushwa kijijini, urais huna. Tanzania nayo inataka waziri mkuu awe mbunge wa kuchaguliwa jimboni. Wa viti maalumu hahesabiki.

British Columbia haina sheria ya namna hiyo. Ina desturi tu.

Kwa hiyo Clark aliendelea kuwa waziri mkuu wa mkoa bila kuwa mbunge wa popote. Baraza la mawaziri aliliongoza, amri alitia saini. Asichoweza ni kuingia ndani ya ukumbi wa bunge, akasimama kujibu swali au kupiga kura. Dawa yake ni ya zamani: mbunge mwaminifu kutoka jimbo lisilo na wasiwasi anajiuzulu, uchaguzi mdogo unaitishwa, kiongozi anapita. Ben Stewart wa Westside-Kelowna alijitoa, na Julai 10, 2013 Clark akashinda huko. Kelowna ni karibu kilomita 390 kwa barabara kutoka Vancouver, mbali kidogo kuliko Nairobi hadi Kisumu.

Wala hakuwa wa kwanza. Mwaka 1924 waziri mkuu John Oliver aliangushwa Victoria ilhali chama chake kilibaki serikalini, naye akapewa kiti Nelson, mji wa milimani upande wa mashariki. Mwaka huo viongozi wote watatu wa vyama vikuu walishindwa majimboni mwao. Wote watatu!

Basi kuazima kiti ni mila. Swali langu ni lingine. Kwa nini Point Grey, jimbo ambalo kila mtu hulisema kuwa la matajiri, wasomi na wakubwa, lina tabia ya kuwatosa wakubwa hasa mwaka ambao chama chao kinashinda?

Kura tatu

Point Grey ilikuwa manispaa yake yenyewe tangu 1908, hadi Januari 1, 1929 ilipounganishwa na Vancouver. Jimbo la Vancouver-Point Grey lilipigiwa kura mara ya kwanza 1933. Halikuwa na mbunge mmoja. Lilikuwa na watatu.

Wenzetu wa Tanganyika waliouona uchaguzi wa 1958 na 1959 waliijua kura tatu: kila mpiga kura alitakiwa kumchagua Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na TANU ilikesha Tabora ikibishana kama iingie au isuse. Kura tatu za Point Grey hazikuwa na ugawaji wa rangi kwenye karatasi. Rangi ilikuwa imeshughulikiwa mapema, kwenye daftari la wapiga kura. Wachina na Wahindi wa British Columbia walirudishiwa kura ya mkoa 1947, Wajapani na wenyeji wa asili 1949. Kwa maana hiyo Wamusqueam, ambao ardhi yao ya jadi ndiyo rasi yote ya Point Grey, walitazama chaguzi nne za jimbo hilo, 1933, 1937, 1941 na 1945, bila kushika karatasi.

Kwa waliokuwa na haki, utaratibu ulikuwa rahisi: viti vitatu, alama tatu, watatu wenye kura nyingi wanapita. Ubaya wake unaonekana ukifanya hesabu. Chukua wapiga kura 1,000. Chama A kina watu 450, B kina 350, C kina 200. Kila chama kinaweka wagombea watatu na watu wake wanawapigia wote watatu. Wagombea wa A wanapata 450 kila mmoja, wa B 350, wa C 200. A anachukua viti vyote vitatu kwa chini ya nusu ya watu.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1933 Liberal walizoa vyote vitatu. Mwaka 1941 Conservative nao wakazoa vyote vitatu. Mtu akitazama matokeo hayo kwa mbali atasema wakazi wa Point Grey walibadilika kabisa ndani ya miaka minane. Hapana. Upepo ukigeuka kidogo tu, mfumo wa kuzoa hugeuza kila kitu.

Katikati, 1937, upepo ulikuwa nusu nusu. Conservative walipata viti viwili, na Liberal mmoja akabaki: George Weir, waziri wa elimu, mwalimu wa walimu katika Chuo Kikuu cha British Columbia, UBC. Huyu ndiye aliyeandika na J. H. Putman ripoti ya shule za mkoa ya mwaka 1925. Mwaka 1941 naye akaanguka.

Waziri wa elimu. Kumbuka cheo hicho.

Karatasi A, B na C

Kabla ya uchaguzi wa 1952 serikali ya mseto ya Liberal na Conservative ilikuwa inaogopa chama cha kisoshalisti, CCF. Ikabuni mtego: mpiga kura asiweke alama, aweke namba. Wa kwanza 1, wa pili 2, na kuendelea. Asipopatikana aliyevuka nusu, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinagawiwa kwa chaguo linalofuata. Hesabu yao ilikuwa kwamba wa Liberal ataweka Conservative namba 2, na wa Conservative ataweka Liberal namba 2, na CCF itabaki nje.

Walisahau kwamba mtu aliyechoka na wote wawili anaweza kuweka namba 2 kwa chama ambacho hakuna aliyekihesabu. Social Credit ikapata viti 19, CCF 18, Liberal 6, Conservative 4, na kimoja cha chama cha wafanyakazi. Waziri mkuu aliyeuleta mfumo, Byron Johnson, akapoteza kiti chake mwenyewe. Social Credit ilishinda kabla hata haijawa na kiongozi wa kumfanya waziri mkuu. Ilibidi wabunge wakutane baadaye kumchagua W.A.C. Bennett.

Kwenye majimbo ya wabunge wengi, namba hazikuweza kufanya kazi kwenye karatasi moja. Kwa hiyo mpiga kura wa Point Grey alipewa karatasi tatu tofauti, na kila chama kiliweka mgombea mmoja katika kila karatasi. Jimbo moja likageuka mashindano matatu yanayofanyika siku moja, chumba kimoja.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana. Zamani mgombea aliweza kupita kwa kujificha ndani ya orodha ya chama. Sasa kila mmoja ana mpinzani wake uso kwa uso.

Tilly Rolston alipita mwaka huo. Alikuwa mbunge wa Conservative wa Point Grey tangu 1941, akakihama chama akifuata njia ya Bennett. Kwa lugha ya Dodoma ya miaka ya karibuni, aliunga mkono juhudi. Bennett akamfanya waziri wa elimu, na kwa hilo akawa mwanamke wa kwanza Kanada kukabidhiwa wizara kamili. Mary Ellen Smith aliyemtangulia 1921 alikuwa waziri asiye na wizara.

Mwaka uliofuata, 1953, Bennett alirudi kwa wapiga kura akapata wingi wa kweli. Siku hiyohiyo Rolston akaangushwa Point Grey na Arthur Laing, kiongozi wa Liberal. Katika jimbo hilohilo, mwenzake wa Social Credit, mwanasheria mkuu wa serikali Robert Bonner, akapita.

Watu walewale, siku ileile, chama kilekile. Karatasi tofauti.

Rolston alikuwa anaumwa, na alifariki kabla mwaka haujaisha. Mfumo wa namba nao ulifutwa baada ya uchaguzi huo. Ulikuwa umeshamwinua Bennett.

Zamu ya Bonner

Bonner alidumu Point Grey miaka 13. Katikati, mwishoni mwa 1962, mwenzake Buda Brown akiwa amefariki, uchaguzi mdogo ulimwingiza Pat McGeer wa Liberal, mtafiti wa ubongo wa UBC aliyewahi kuichezea Kanada mpira wa kikapu kwenye Olimpiki ya 1948. Wenye macho waliona pale kwamba ardhi imeanza kusogea.

Kisha 1966 jimbo likapunguzwa kutoka viti vitatu hadi viwili. Punguzo la namna hii halionekani kama jambo kubwa kwenye ramani, lakini fikiria aliyezoea kumaliza wa tatu. Kiti chake ndicho kilichofutwa. McGeer na Garde Gardom, Liberal wote wawili, wakachukua viti vyote. Social Credit ilishinda mkoani kwa viti 33 kati ya 55, na mwanasheria mkuu wake akawa hana kiti.

Alipelekwa Cariboo, huko kaskazini ya ndani, akapewa cha kuazima.

Mara ya pili hiyo. Waziri mzito, chama kinashinda, Point Grey inamtosa.

Hapa ndipo nilipoacha kuamini neno "ngome". Point Grey ilikuwa na watu wa kutosha wenye fedha kuwachagua watu wa serikali, na ilikuwa na watu wa kutosha wenye msimamo kuwakataa. Anayekuwa juu anategemea sana karatasi imepangwaje, viti ni vingapi, na mstari wa mpaka umepita wapi.

Kuhama bila kupoteza kiti

McGeer na Gardom walikaa Liberal hadi serikali ya NDP ya Dave Barrett ya 1972 ilipowatia hofu waliokuwa upande wa pili kwamba wakigawana kura hawataiondoa. Kufikia 1975 Gardom na McGeer wote wawili walikuwa wamehamia Social Credit. McGeer aliwahi hata kuwa kiongozi wa Liberal.

Kwetu mbunge akihama chama kiti kinakuwa wazi. Tanzania na Kenya zote zina kifungu hicho kwenye katiba. Kule mbunge anabeba kiti chake mfukoni. Wapiga kura wa Point Grey walimchagua Mliberali wakaamka na Msocial Credit, bila uchaguzi mdogo wala kuulizwa. Baadaye mwaka huo wa 1975 walipoulizwa, wakawarudisha wote wawili kwa rangi mpya. McGeer akawa waziri wa elimu (cheo hicho tena), Gardom mwanasheria mkuu, na miaka mingi baadaye Luteni Gavana, mwakilishi wa Malkia mkoani.

Sina hakika mfumo upi ni bora. Wetu unawafunga wabunge kwa wenye chama, na tumeona chama kikimvua mtu uanachama ili kumvua ubunge. Wao unampa mbunge uhuru ambao mpiga kura hakuusaini.

Kura 14

Mwaka 1986 Social Credit ilitafuta kiongozi mpya. Mwanasheria mmoja kijana, Kim Campbell, aligombea akapata kura 14. Alikuwa wa mwisho.

Miezi michache baadaye aligombea ubunge Point Grey. Jimbo bado lilikuwa la viti viwili, na wapiga kura walifanya jambo ambalo mfumo wa kuzoa huruhusu kwa shida: waligawanya. Kiti kimoja kwa Campbell wa Social Credit, kingine kwa Darlene Marzari wa NDP. Hilo huwezekana pale wagombea wanapokuwa wamekaribiana, kisha baadhi ya watu wakampa kila chama mmoja, na wengine wakatumia kura moja tu na kuiacha ya pili kwa makusudi, ili wasimsaidie anayeweza kumpita mtu wao.

Campbell alitofautiana na waziri mkuu wake kuhusu utoaji mimba, akaondoka 1988 kwenda bunge la Kanada. Juni 1993 akawa waziri mkuu wa kwanza mwanamke wa nchi hiyo. Alidumu hadi Novemba. Na katika uchaguzi wa Oktoba, naye pia alipoteza jimbo lake, lile la Vancouver Centre, lakini hiyo haiwezi kuandikwa kwenye hesabu ya Point Grey.

Kiti alichokiacha kilichukuliwa 1989 na Tom Perry, daktari, wa NDP. Kwa muda mfupi jimbo la "matajiri" likawa na wabunge wawili wa NDP.

Mkasi wa 1991

Aprili 1989 jaji mmoja wa mkoa, Beverley McLachlin, ambaye baadaye aliongoza Mahakama ya Juu ya Kanada, aliamua kwamba mipaka ya majimbo ya British Columbia inakiuka haki ya kupiga kura, kwa sababu kura ya mtu wa jimbo lenye watu wachache ilikuwa na uzito mara nyingi zaidi ya kura ya mtu wa mjini. Tume ya Jaji Thomas Fisher ilikuwa tayari imependekeza majimbo 75, kila moja na mbunge mmoja, na idadi ya watu isipishane na wastani kwa zaidi ya asilimia 25 juu au chini. Kenya imejipa nafasi pana zaidi katika Katiba yake: asilimia 30, na 40 kwa miji mikubwa na maeneo yenye watu wachache.

Kwa uchaguzi wa 1991 Point Grey ikakatwa. Mitaa ya majumba makubwa, Shaughnessy na Kerrisdale, ikaingia jimbo jipya la Vancouver-Quilchena. Iliyobaki Point Grey ni ukingo wa magharibi: West Point Grey yenyewe, sehemu ya Kitsilano yenye wapangaji wengi, na chuo kikuu.

Jina lilibaki lilelile. Hapa ndipo wengi wanapopotea, na nadhani hata vyama vilipotea. Waliendelea kulisoma jimbo la 1991 kwa sifa za jimbo la 1975. Fedha zilihamia Quilchena, sifa zikabaki Point Grey.

Kiongozi aliyepata nyingi akakosa

Gordon Campbell, aliyekuwa meya wa Vancouver, aliingia bungeni kupitia Quilchena 1994, kisha 1996 akahamia Point Grey. Uchaguzi huo Liberal yake ilipata karibu asilimia 42 ya kura, NDP chini ya 40. Viti: NDP 39, Liberal 33.

Wazanzibari hawahitaji kufafanuliwa. Julai 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura na viti 13, wapinzani wake kwa pamoja viti 18. Kura zako zikirundikana mahali pamoja, zile za ziada ni za kupamba tu.

Campbell alikaa na kidonda hicho. Aliposhinda 2001, viti 77 kati ya 79, angeweza kusahau. Lakini mwaka 2004 aliitisha Baraza la Raia: watu 160 waliopatikana kwa bahati nasibu, mwanamume mmoja na mwanamke mmoja kutoka kila jimbo pamoja na wawili wa wenyeji wa asili, wakae mwaka mzima wajifunze mifumo ya kura na kupendekeza. Walipendekeza kurudi kwenye majimbo ya wabunge kadhaa, lakini kwa namba za kupanga na kuhamisha, ili chama chenye asilimia 45 kisizoe asilimia mia. Kura ya maoni ya 2005 ilipata asilimia 57.69 ya ndiyo. Iliyohitajika ni 60. Mwaka 2009 wakarudia, ndiyo ikashuka hadi asilimia 39.

Kwa hiyo Point Grey ikabaki na kiti kimoja na mshindi wa mbio moja. Naona ajabu kwamba mtu aliyekuwa na kila sababu ya kuuacha mfumo ule ndiye aliyeweka kizingiti cha 60.

Mahali pasipo na meya

Kuna jambo la Point Grey ambalo halionekani kwenye jedwali la matokeo. Chuo kikuu cha UBC na mitaa inayokizunguka haimo ndani ya Jiji la Vancouver. Haina meya wala halmashauri ya jiji. Ardhi iliyo nje ya kampasi inasimamiwa na serikali ya mkoa moja kwa moja, kampasi inasimamiwa na chuo, na wakazi wana chama chao cha mitaa na mwakilishi mmoja kwenye mamlaka ya kanda.

Matokeo yake, barabara ikiharibika au jengo refu likipangwa mbele ya dirisha lako, aliyechaguliwa mwenye sauti ya karibu ni mbunge wa mkoa. Anafanya kazi ya ubunge na nusu ya udiwani.

Sasa mpe kazi hiyo waziri mkuu.

Mwaka 2008 serikali ya Campbell iliafikiana na Wamusqueam, ikawarudishia uwanja wa gofu wa chuo na kipande cha msitu karibu na hapo. Mbunge wa walalamikaji na mkuu wa serikali iliyotia saini walikuwa mtu mmoja. Mkazi aliyetaka kupinga angempigia nani simu?

Mel Lehan wa NDP, mwanaharakati wa Kitsilano, alimpinga Campbell 2005 na 2009. Alishindwa mara zote mbili, lakini alifanya kazi ambayo chama hukumbuka baadaye: kujua nani anaishi nyumba gani.

Karibu 600, kisha elfu moja

Campbell aliondoka 2011 kwa sababu ya kodi ya mauzo iliyounganishwa, ambayo wananchi waliikataa kwa kura ya maoni mwaka huohuo. Clark alichukua uongozi akiwa hana kiti. Alikuwa mbunge wa Port Moody hadi 2005, upande wa pili wa jiji. Point Grey ilikuwa wazi, basi akaichukua.

Mei 11, 2011 alishinda uchaguzi mdogo kwa tofauti isiyofika kura 600. Mpinzani: David Eby, mwanasheria wa haki za raia, mrefu wa mita mbili, asiyejulikana sana nje ya jiji.

Waziri mkuu mpya, kiti cha mtangulizi wake, na bado inabaki mia chache. Hiyo haikuwa onyo ndogo. Chama kingeweza kumhamishia jimbo salama mapema, bila aibu. Hakikufanya hivyo, na dhana yangu ni kwamba kiliogopa lugha ya kukimbia. Miaka miwili baadaye Clark alizunguka majimbo 85, na Eby alizunguka moja.

Usiku ule wa Mei 14 haukumaliza hesabu. British Columbia huruhusu mtu kupiga kura nje ya jimbo lake; karatasi hizo husafirishwa kwenye bahasha na huhesabiwa karibu wiki mbili baadaye. Tofauti ikiwa chini ya kura moja kwa kila 500, lazima zihesabiwe upya mbele ya jaji. Point Grey haikufika huko. Bahasha zilipofunguliwa pengo la Eby lilipanuka badala ya kupungua, likapita kura elfu moja.

1953, 1966, 2013.

Mara ya kwanza karatasi ziligawanywa. Mara ya pili kiti kilifutwa. Mara ya tatu mpaka ulikuwa umekatwa miaka 22 kabla, na hakuna aliyeusoma vizuri.

Kalenda ya chuo

Eby aliapishwa kuwa waziri mkuu wa mkoa Novemba 18, 2022, katika ukumbi wa jamii ya Musqueam. Sasa ni yeye mwenye kiti cha mkubwa, na swali limemgeukia.

Kuna kitu kidogo kimebadilika tangu 2013. Wakati ule uchaguzi ulikuwa Mei. Mihula ya UBC huisha Aprili, vyumba vya kampasi vinakuwa nusu tupu, wanafunzi wako makwao au kwenye vibarua vya kiangazi. Eby alimshinda Clark bila sehemu kubwa ya kura ambazo kila mtu angesema ni zake. Baada ya NDP kuingia 2017, tarehe ya uchaguzi ilihamishwa hadi Jumamosi ya tatu ya Oktoba. Oktoba 2020 wanafunzi hawakuonekana, kwa sababu ya korona madarasa yalikuwa mtandaoni. Kwa hiyo mara ya kwanza Point Grey kupiga kura ya mkoa katika uchaguzi mkuu wa tarehe hiyo, vyumba vikiwa vimejaa, ilikuwa Oktoba 19, 2024. Eby alirudi. Chama chake kilipata viti 47 kati ya 93, na kile cha Surrey-Guildford kilichoamua wingi huo kilipatikana, baada ya jaji kuhesabu upya, kwa kura 22.

Uchaguzi unaofuata umepangwa Oktoba 2028, muhula wa kwanza ukiwa katikati.